Umbali kutoka Ufukweni

Fomu ya ufadhili ilikuwa na kisanduku kimoja kidogo:
umbali wa kituo chako kutoka ufukweni.
Wenzangu waliandika mita mia mbili, mita arobaini.
Mmoja, wa Mafia: nasikia mawimbi nikipiga mswaki.
Mimi walinipanga nyumbani.
Kilolo, penye ukungu unaobisha hodi kabla ya jogoo,
penye milingoti, viazi,
na sweta za shule zilizotoboka viwiko.

"Bahari gani hiyo, Skola," mama aliuliza
akinimiminia uji, "iliyopotea njia ikapandisha huku?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na boksi:
makombe manane, mwani uliokauka,
mche wa mkoko kwenye kopo, ukitetemeka kwa baridi,
na chupa ya maji ya bahari, lita moja na nusu,
niliyoipakata basi zima toka Dar
kama mtoto wa kuazima.

Darasa la sita. Watoto sitini na wanne.
Yudathadei Luvanda, wa dawati la nyuma,
akachovya kidole chupani, akakitia kinywani,
akafumba macho hata nikaogopa.
"Mwalimu, chumvi yote hii, mboga iko wapi?"
Darasa zima likapanga foleni
kuitafuta mboga.

Nikachora kwa chaki. Lukosi, huu hapa chini ya shule.
Lukosi unaingia Ruaha, Ruaha unaingia Rufiji,
Rufiji unajigawa vidole vidole,
na mwisho wa vidole imesimama mikoko,
miguu ndani ya chumvi, kama wanawake wanaofua.
Nikasema: udongo tunaouachia huku
unasafiri bila nauli, unafika usiku,
unawaziba chaza vinywa.
Maneno ya kijitabu. Niliyasema vizuri.

Ndipo mkono mmoja ukanyooka, si wa kuuliza, wa kuonyesha:
dirishani, ng'ambo ya mto, mwanamke ameinama,
kanga ya kijani, jembe juu, jembe chini,
kinyungu chake kimelamba hadi ukingo wenyewe,
na maji chini yake rangi ya chai ya maziwa.
"Mwalimu, yule si mama yako?"

Ndiye.
Maharage ya kinyungu kile yalinisomesha sekondari.
Njegere zake zilininunulia buti za mpira
nilizozamisha kwenye matope ya Rufiji, nikihesabu mizizi,
nikiandika daftarini: tope jingi, chanzo, juu.
Juu.
Nililiandika neno hilo kama mtu asiye na kwao.

Jioni nilimenya viazi, kimya.
Mama ndiye aliyeanza, maana habari za shule
hufika jikoni kabla ya mwalimu.
"Hao chaza wako wana ukubwa gani?"
Nikamwonyesha nusu ya kiganja.
"Wanaliwa?"
"Wanaliwa. Wanawake huwabandua mizizini,
wanawauza kwa fungu."
"Kwa fungu," akarudia. Akafunika sufuria.

Asubuhi nilimkuta kinyunguni,
anapima kwa miguu kutoka majini.
Moja. Mbili.
Ya tatu ikaangukia kwenye njegere, zimeanza kutoa ua.
Alisimama pale muda mrefu, mikono kiunoni,
ukungu ukimpita kama hamjui.
Ya nne.
Akachomeka tete.

"Chini ya hapa paote kinachotaka kuota.
Ila mwakani, bei ya njegere ikipanda, tusigombane.
Na kwenye hiyo fomu yako
jina langu usiliandike."

Sijaliandika.
Kisanduku nilikijaza kwa kalamu ya risasi,
kilomita mia kadhaa, nikafuta,
karatasi ikaanza kuchubuka,
nikajaza tena:
hatua nne.